Kaburi la Rosine Krapf, na Mzigo Unaozidi Nguvu Zetu



Kuna maneno yanayozunguka sana kwenye simu zetu, hasa mtu akifiwa au akifutwa kazi: kwamba Mungu hawezi kukupa mzigo usioweza kuubeba. Wanaoyatuma wana nia njema, na wengi wanaamini yametoka kwa Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 10. Lakini fungua Biblia yako usome mstari wa 13 pamoja na ile inayoutangulia. Paulo yuko kwenye habari za Israeli jangwani, ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko. Anazungumza juu ya kishawishi cha dhambi, na anaahidi mlango wa kutokea. Habari za mizigo ya maisha hazimo mle.

Sasa geuza kurasa chache tu, mpaka Wakorintho wa Pili sura ya 1, mstari wa 8 na 9. Paulo yule yule anawaambia Wakorintho wazi kwamba kule Asia yeye na wenzake walielemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Huyu ni mtume, mtu aliyejaa Roho, aliyenena kwa lugha kuliko Wakorintho wote. Naye anasema mzigo ulimshinda.

Nimeanza hapa kwa sababu najua wako watu wanaosoma ukurasa huu usiku huu ambao mzigo umewashinda, na juu ya mzigo wenyewe wamewekewa mwingine: wanadhani wamelemewa kwa sababu imani yao ni haba. Karo haijalipwa, mgonjwa yuko wodini, mikopo ya simu inakata kila shilingi inayoingia, halafu ndugu wa kanisani anakuuliza kama umekuwa ukiomba. Kwako wewe nataka kusimulia historia ya hapa kwetu, ambayo wengi tulipitishwa haraka haraka darasani. Tulikariri majina Krapf na Rebmann, tukakariri milima waliyoiona, tukafanya mtihani, basi. Kaburi halikuwa kwenye mtihani.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alisomea umisheni Basel, Uswisi, kisha akatumwa na shirika la Kianglikana la Church Missionary Society la London, ambalo siku hizo lilikosa Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda. Alipelekwa kwanza Ethiopia, mwishoni mwa miaka ya 1830. Hakuwaza Mombasa hata kidogo. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, na alijifunza lugha yao akaanza kutafsiri Injili.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, binti aliyetoka Basel kuja kukutana naye Misri. Nataka umfikirie Rosine kwa muda, maana vitabu vingi vinampa mstari mmoja. Aliacha kwao akaingia kwenye ndoa ambayo haikuwa na nyumba. Waliporudi kuelekea Ethiopia milango ilikuwa imefungwa. Watawala hawakuwataka tena. Walihangaika barabarani, na katika safari hizo za nyikani Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakukaa. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Wakamzika wakaendelea na safari, maana hapakuwa na mahali pa kubaki.

Ethiopia ikiwa imewafukuza, Krapf akaamua kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini, kupitia pwani yetu. Mwezi Novemba 1843 waliondoka Aden kwa jahazi. Jahazi la kwanza likavuja wakiwa baharini, wakanusurika kuzama, wakarudi. Wakapanda lingine. Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei mwaka huo mume na mke wakaweka makao Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alikaa chini na kadhi wa Mombasa, mwanachuoni wa Kiislamu, wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. (Ndiyo, kadhi. Watu wanaodhani urafiki kati yetu na majirani zetu Waislamu ni jambo la kisasa hawajui historia ya pwani.) Rosine alikuwa mjamzito tena. Kwa macho ya kibinadamu mambo yalikuwa yameanza kutulia. Wana paa juu ya kichwa, wana barua ya Sultani, wana kazi, wana mtoto njiani. Ukisikia ushuhuda wa namna hiyo kanisani, unajua unaelekea wapi: baada ya Eneba, baada ya kufukuzwa, baada ya jahazi kuvuja, sasa Bwana amewakumbuka. Tungepiga makofi.

Mwanzoni mwa Julai wote wawili walishikwa na homa. Siku hizo hakuna aliyejua homa ya pwani inatoka wapi. Watu walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Ilichukua zaidi ya miaka 50, hadi 1897, ndipo Ronald Ross, daktari aliyekuwa akifanya kazi India, alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Rosine akajifungua mtoto wa kike hali homa ikizidi. Tarehe 13 Julai 1844 alifariki. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa ile ile, hawezi. Ilimbidi akusanye nguvu zake zote ajiinue ili ahakikishe kwa macho yake kwamba kweli mke wake amekufa. Muda mfupi baadaye yule mtoto naye akamfuata mama yake.

Miezi miwili tu tangu waweke makao Mombasa. Rudia hesabu hiyo polepole. Watoto wawili na mke, ndani ya ndoa ya chini ya miaka miwili. Mwanamume wa miaka 34, mgonjwa, katika mji ambao hakuna ndugu, hakuna mshirika wa kanisa, hakuna mtu hata mmoja wa kuimba naye wimbo wa lugha yake kando ya kaburi.

Krapf ameacha kumbukumbu ya siku za mwisho za Rosine. Akiwa anakufa aliwaombea jamaa zake, akaiombea misheni, akaiombea Afrika Mashariki, na akamwombea pia Sultani. Alitoa ombi moja juu ya maziko: asizikwe kisiwani. Alitaka avushwe hadi bara, upande wa Wamijikenda, azikwe karibu na njia, ili wapitao wakiliona kaburi wajiulize huyu mgeni alikuwa amefuata nini huku. Ndivyo ilivyofanyika. Akazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande huu ambao leo tunauita Nyali.

Sasa hapa ndipo nataka tukae, mtu wa Mungu, kwa sababu swali lako na langu ni hili: mtu anayemtumaini Mungu hufanya nini saa kama hiyo? Anaonekanaje?

Jambo la kwanza Krapf alilolifanya ni kulia. Katika maandishi yake anakiri kwamba moyo wake na mwili wake vyote viliomboleza kwa siku nyingi. Hakuandika kwamba alisimama siku ya tatu akiwa na ushindi. Mwili uliomboleza. Wewe uliyefiwa unajua maana yake: chakula hakishuki, usingizi haupo, magoti hayana nguvu, unaingia chumbani kuchukua kitu unasahau ulifuata nini. Sisi wapentekoste tuna udhaifu mmoja na lazima tuseme ukweli. Tunapenda kufupisha matanga ya watu. Mama amepoteza mtoto hospitalini Jumatatu, Jumapili tunataka aongoze sifa. Asipoweza tunanong'onezana kwamba amerudi nyuma. Daudi alilia mpaka akakosa nguvu ya kulia, kule Siklagi, na hilo liko mistari miwili tu kabla ya pale anapojitia nguvu katika Bwana. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, hakuna haleluya mwishoni, na Roho Mtakatifu aliona vyema iwemo ndani ya Biblia.

Jambo la pili, aliandika barua. Akiwa bado na machozi hayo aliwaandikia waliomtuma kule London. Aliwaambia wawajulishe marafiki kwamba sasa liko kaburi la upweke la mmisionari kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili ya vita vilivyoanza; kwamba ushindi wa kanisa umekuwa ukipatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, kwa hiyo saa imekaribia ya kuifikia Afrika kutokea mashariki.

Barua hiyo imehubiriwa mara nyingi sana duniani, na kwa haki. Lakini mimi naomba usiisome kama maneno ya mtu ambaye hajaumia. Isome pamoja na ule mwili uliolia siku nyingi. Mtu mmoja, wiki zile zile, ana vyote viwili. Analia kwa ajili ya Rosine na anaamini kwamba Mungu hajaiacha pwani hii. Imani yake haikungoja huzuni iondoke kwanza ndipo ipate nafasi, viliishi nyumba moja.

Jambo la tatu ni dogo, na pengine ndilo lenye faida zaidi kwako. Alirudi kwenye kitabu cha Mwanzo. Hakuwa na mpango mpya mkubwa. Alikuwa na kazi aliyoianza tarehe 8 Juni, akaishika tena homa ilipomwachia nafasi. Neno moja, anauliza watu wa Mombasa wanalisemaje, analiandika. Mwaka 1847 sura 3 za kwanza za tafsiri yake ya Mwanzo zilichapishwa kule Marekani katika jarida la wataalamu wa lugha. Mwaka 1850 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa. Hii lugha ninayokuandikia sasa, kwa herufi hizi za Kirumi, ina deni kwa mjane wa kiume aliyekuwa akikusanya maneno akiwa na homa.

Nikisema hivyo, simfanyi Krapf malaika. Ukisoma maandishi yake utakutana na maneno makali na ya dharau juu ya Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika, jina ambalo wenyewe halikuwapendeza wala haliwapendezi. Aliona watu wengi kwa macho ya Mzungu wa karne yake. Mungu hutumia vyombo vyenye nyufa, na ni vizuri tuzitaje nyufa badala ya kuzipaka rangi.

Kwa karibu miaka 2 Krapf alikuwa peke yake. Mwezi Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, kijana mwingine wa Ujerumani kutoka sehemu zile zile za Württemberg. Kabla ya Rebmann kuzoea hata maji ya Mombasa, homa ikamshika. Mwezi Agosti walikubaliana na wazee wa Rabai kwamba wahamie kule mlimani. Walipopanda kwenda kuanza kazi wote wawili walikuwa wagonjwa, wakipokezana mgongo wa punda, kwa sababu hakuna aliyeweza kutembea njia yote. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai kilivyoanza. Wakristo wa Kenya tukitafuta picha ya mwanzo wetu, tunayo hiyo: wagonjwa wawili na punda.

Nimefikiri sana juu ya ule uvumilivu wa kabla Rebmann hajafika. Katika miaka hiyo Mungu hakumpa Krapf mke mwingine wala mtoto badala ya wale aliowazika. Alimpa mwenzake wa kazi, tena baada ya kuchelewa sana, tena mgonjwa. Ukiwa umezoea mahubiri ya kurudishiwa mara mbili kama Ayubu, hilo linaonekana jibu dogo. Hata Ayubu mwenyewe, angalia vizuri sura ya 42: kondoo na ngamia walirudi mara mbili, lakini watoto walizaliwa idadi ile ile ya kwanza. Na sidhani kuna mzazi aliyezika mtoto anayeamini kwamba mtoto hubadilishwa kwa mwingine.

Kuanzia Rabai ndipo yakaja yale tuliyoyakariri. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, ukiwa na theluji. Krapf akauona mlima wetu tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, na kutokana na jinsi alivyolisikia jina lake kwa Wakamba akaandika Kenia. Wataalamu wa jiografia kule Uingereza, akiwemo bwana mmoja aitwaye Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga huku, walicheka. Theluji karibu na ikweta? Ilibidi miaka ya 1860 ifike na msafara wa Baron von der Decken uthibitishe ndipo kicheko kikaisha. Yanafurahisha hayo, lakini mlima haukumwondolea Krapf matatizo yake hata moja.

Yaliyofuata yalikuwa magumu tena. Wasaidizi walitumwa kutoka Ulaya. Wagner alifika 1849 na mwaka huo huo akafa. Pfefferle akafa 1851. Mwaka huo wa 1851 Krapf alikuwa safarini karibu na mto Tana pamoja na mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, Kivoi. Wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, Krapf akakimbilia porini peke yake. Aliufikia mto kwa kiu kali. Hakuwa na chombo cha kubebea maji, akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki. Aliporudi kwa watu wa Kivoi wakamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, akalazimika kutoroka usiku ili kuokoa maisha. Mpango wake mkubwa ulikuwa kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika, kutoka mashariki mpaka magharibi. Mnyororo huo haukupata kujengwa. Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akaondoka kurudi Ulaya.

Akihesabu mavuno ya miaka hiyo, alikuwa na nini mkononi? Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa kiwete mmoja aitwaye Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa, na akafa. Kanisa zima la Afrika Mashariki upande huu lilikuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa kaburini.

Tungekuwa na mitandao wakati ule, tungemwandika vipi Krapf? Nadhani tungesema hakuwa na upako wa eneo hilo.

Rebmann alibaki. Huyu ni mtu ambaye siwezi kumtaja bila kunyamaza kidogo. Mwaka 1851 alimwoa Anna, na mtoto wao akafa. Anna mwenyewe akafariki 1866. Macho ya Rebmann yakaanza kufifia, na yeye yuko pale pale Rabai na kamusi zake na kikundi kidogo cha watu. Mwenye akili angesema huu ni ukaidi. Aliingia Mombasa 1846 na hakwenda kwao mpaka 1875. Miaka 29. Alipoondoka alikuwa kipofu.

Lakini hapa kuna jambo lililofanyika polepole, na ukiwa na haraka hulioni. Kulikuwa na mzee wa Kimijikenda aitwaye Abe Gunja aliyeamini na kubatizwa, na mtoto wake, Nyondo, akabatizwa akaitwa Isaac. Miaka ya 1860 wakafika Rabai William Jones na Ishmael Semler pamoja na wake zao. Hawa walikuwa Waafrika waliouzwa utumwani wakiwa watoto, meli zao zikakamatwa baharini, wakapelekwa India na kulelewa na kusomeshwa shule ya misheni kule Nasik. Walirudi wakiwa wanajua kusoma, kuhunzi, kufundisha. Ukitafuta watu waliojenga kanisa la pwani kwa mikono yao, tafuta majina haya. Mwaka 1875 ikaanzishwa Freretown, Kisauni, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, ng'ambo hiyo hiyo ya bara ambako Rosine alizikwa miaka 31 kabla. Mwaka 1885 Jones na Semler wakawekewa mikono kuwa mashemasi wa Kianglikana, katika kanisa ambalo wenyewe walikuwa wamelibeba kwa miaka 20. Kengele ya Freretown iko mpaka leo, na ndiyo iliyoipa sehemu ile jina la Kengeleni.

Rebmann alipopelekwa Ulaya mwaka 1875, kipofu, aliyekwenda naye kumwongoza alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mtu aliyekuja kuwaongoza wengine anaongozwa kwenye ngazi za meli na mkono wa Mmijikenda. Alifariki mwaka uliofuata, 1876, mjini Korntal. Krapf aliishi huko huko, akafariki Novemba 1881. Walimkuta chumbani kwake amepiga magoti kando ya kitanda.

Rudi sasa kwako.

Sikuambii kwamba mateso yako ni umisheni, au kwamba mwanao aliyekufa alikuwa mbegu. Maneno kama hayo Krapf alikuwa na haki ya kuyasema juu ya kaburi la nyumba yake. Mimi sina haki ya kuyasema juu ya lako. Wala sikuambii kwamba baada ya miaka 31 utaona maana. Krapf alikuwa amekwisha kuondoka pwani muda mrefu Freretown ilipoanza, na Rosine hakuona chochote. Alichokiona Rosine ni dari ya nyumba ya Mombasa na mtoto mchanga.

Ninachokuambia ni kwamba kuzidiwa si kukosa imani. Kumbuka Eliya chini ya mretemu, Wafalme wa Kwanza 19, akiomba afe. Malaika hakumwambia jikaze, una uwezo. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mara ya pili, akikubali kabisa kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu za Eliya. Mbinguni walikubaliana naye kuhusu ukubwa wa mzigo. Na Paulo, kwenye ule mstari wa 9, anasema waliachwa wafike pale ili wasijitegemee wenyewe bali wamtegemee Mungu afufuaye wafu. Angalia amemwita nani. Hajamwita Mungu anayezuia watu wasife. Mungu afufuaye wafu ni Mungu ambaye ana kazi ya kufanya hata pale kaburi limeshafukiwa.

Kwa hiyo usiku huu, kama huwezi kuomba saa nzima, usiombe saa nzima. Mwambie Bwana sentensi moja ya kweli, hata ikiwa ni kwamba umechoka naye. Kula kitu. Kesho shika kazi yako ile ndogo uliyoianza kabla mambo hayajaharibika, ukurasa mmoja wa Mwanzo, mche mmoja, mteja mmoja. Mama mjamzito nenda kliniki, na lala ndani ya neti. Rosine hakuwa na neti wala kliniki, sisi tumepewa, na kuvikataa kwa jina la imani ni kumjaribu Bwana Mungu wako. Kama mawazo yako yamefika mahali pa kutaka kukatisha maisha, usikae nayo peke yako mpaka asubuhi. Amsha mtu sasa hivi, mwambie kwa maneno wazi, na uende hospitali. Daktari na mshauri ni mkate na maji ya malaika pia. Krapf alikaa karibu miaka 2 bila mwenzake kwa sababu London ilikuwa mbali. Sisi hatuko mbali hivyo.

Na ninyi ambao mzigo wenu bado mnauweza leo, mna kazi pia. Kuna mtu katika safu yako kanisani ambaye hajaonekana Jumapili tatu. Usimtumie ule ujumbe wa mzigo. Nenda na unga, kaa naye, na usihubiri.

Jumatano kwenye maombi ya jioni nitaanza na Zaburi ya 88, tuisome yote pamoja, polepole, kisha tunyamaze kabla ya mtu yeyote kushika kipaza sauti. Njoo vile ulivyo. Aliye mbali aandike jina lake hapa chini bila kueleza chochote, nasi tutalitaja mbele za Bwana.